Kronografu au karatasi? Kulinganisha njia za kupima uthabiti wa risasi za masafa marefu

Mdogo wangu mmoja wa klabuni, mzaliwa wa Bukavu aliyeanza kulenga shabaha hapa Ottawa miaka miwili iliyopita, alinifuata baada ya mazoezi akiwa ameshika karatasi yenye matundu matano. Yote yangefunikwa na sarafu moja.

"Kaka, hii ndiyo risasi yangu ya mashindano ya Agosti," aliniambia. "Nimepiga tano, na kasi zake zimeachana kwa mita 3 tu kwa sekunde. Nibaki nayo, au ninunue ile rada ndogo nipime upya?"

Nilimwambia asubiri, maana nilishapita njia hiyo. Mwaka wangu wa pili wa kujaza risasi mwenyewe nilitengeneza vipimo vinane vya baruti, nikapiga risasi tano kwa kila kimoja, nikachagua kile ambacho kasi zake zilikaribiana kuliko vyote. Mkengeuko wake, yaani jinsi kasi zilivyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa 1.5 m/s. Nilikwenda nacho kwenye mstari wa mita 900 wa viwanja vya Connaught hapa Ottawa, nikaona alama zangu zikipanda na kushuka kama meno ya msumeno, siku ambayo upepo ulikuwa umelala. Nilipokuja kuipima risasi hiyohiyo kwa milio 30, mkengeuko halisi ulikuwa 3.6. Haikuwa imeharibika. Mimi ndiye niliyeiamini mapema, na kipimo changu hakikuwa na nguvu ya kuniambia nilichotaka kukijua.

Kwa hiyo swali la mdogo wangu nitalijibu kwa kirefu. Nitalinganisha vifaa, idadi ya milio, namba za kuangalia na umbali wa kupigia, kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida anayetaka kupiga mita 600 na kuendelea.

Vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja

Risasi yenye uthabiti ina sifa mbili. Kwanza, kila kichwa cha risasi kinatoka kwenye mdomo wa mtutu kwa kasi inayokaribiana na ya mwenzake. Pili, kinatoka kikielekea palepale. Sifa ya kwanza hupimwa kwa kronografu, yaani kipimakasi. Ya pili hupimwa kwa karatasi. Chombo kimoja hakiwezi kushika kazi ya mwenzake, na hapa ndipo wengi tunapopotea.

Chukua 6.5 Creedmoor, aina ya risasi inayopendwa kwa masafa marefu, inayotoka mtutuni kwa mita 820 kwa sekunde. Risasi mbili zikitofautiana kwa 3 m/s (karibu futi 10 kwa sekunde, kwa wale ambao vifaa vyao vinasoma futi), kwenye karatasi ya mita 100 tundu litahama kwa chini ya milimita moja. Hutaliona. Kwenye mita 900, tofauti hiyohiyo inakuwa takriban sentimita 7 kwenda juu au chini. Sababu ni kwamba mshuko wa risasi unakua haraka kuliko umbali wenyewe, na kasi ikipungua kwa asilimia 1, mshuko huongezeka kwa kiasi cha asilimia 2.

Sasa weka sentimita hizo 7 mbele ya shabaha. Kwenye F-Class, mduara wa V ulio katikati kabisa una kipenyo cha nusu dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii), yaani kama sentimita 13 kwenye mita 900. (F-Class ni mchezo uliozaliwa hapa Kanada. Aliyeuanzisha ni George Farquharson, mlengaji aliyetaka wazee waendelee kushindana kwa kutumia darubini na egemeo hata macho na mikono vikichoka. Herufi F inatokana na jina lake.) Mduara wa sentimita 13 una nusu kipenyo cha sentimita 6.5. Risasi iliyolengwa katikati kabisa, bila kosa lolote la mlengaji, inaweza kutoka nje ya V kwa tofauti ya kasi peke yake.

Ndiyo maana mtu wa mita 100 hahitaji kronografu, naye mtu wa mita 900 hawezi kuishi bila hiyo. Lakini kikundi kibaya cha mita 100, yaani matundu yaliyotawanyika kwenye karatasi, hakitaponywa na kasi nzuri. Bunduki inayotawanya risasi nyumbani itazitawanya ugenini.

Vifaa vitatu vya kupima kasi

Sokoni kuna familia tatu: kronografu za mwanga, za sumaku, na za rada. Nimetumia zote tatu. Jedwali kwanza, kisha niseme yasiyoingia kwenye jedwali.

| | Mwanga | Sumaku | Rada |
|---|---|---|---|
| Kinawekwa wapi | Mita 3 hadi 5 mbele ya mtutu, risasi ipite juu yake | Kinafungwa kwenye mtutu | Pembeni ya bunduki |
| Kinagusa bunduki? | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Unaweza kupima kikundi wakati huohuo? | Ndiyo, kwa taabu | Hapana | Ndiyo |
| Kinachokisumbua | Mawingu, vivuli, pembe ya risasi | Ufungaji mbaya | Bunduki za majirani, kwa baadhi ya mifano |
| Gharama | Ndogo | Ya kati | Kubwa |

Za mwanga ndizo kongwe. Risasi inapita juu ya jicho la kwanza, kisha la pili, kifaa kinahesabu muda wa katikati. Hesabu ni rahisi, ila mashaka yako kwenye umbali. Kwenye mifano ya bei nafuu macho hayo yameachana kwa takriban sentimita 30. Risasi ya 820 m/s inaukata umbali huo kwa sehemu 366 za milioni ya sekunde. Jicho moja likiona kivuli cha risasi milimita 1 mapema au kwa kuchelewa, kwa sababu wingu limepita au risasi imepita juu kidogo kuliko iliyotangulia, namba inakosea kwa karibu 2.7 m/s. Fikiria: unatafuta tofauti ya mita 3 kwa chombo kinachoweza kuteleza kwa karibu mita 3.

Na makosa haya hayafutani. Yanajumlishwa kwa kanuni ya mraba: unajumlisha miraba yake, kisha unachukua kipeo cha pili. Risasi yenye mkengeuko wa kweli wa 2.5 m/s ikipimwa na chombo chenye kelele ya 2.5 itasomeka 3.5. Utaitupa risasi nzuri ukidhani ni mbaya. Ken Oehler wa Texas alilijua tatizo hili zamani, ndiyo maana kifaa chake cha 35P kilikuwa na jicho la tatu: kila risasi ilipimwa mara mbili, na vipimo viwili vikikataana ulionywa. Pia macho yake yanaweza kupangwa mbali zaidi, na kila unapoongeza umbali kati ya macho kosa linapungua. Ukiuziwa kilichotumika kikiwa kizima, usikidharau. Za sentimita 30, hapana, labda kwa kujua kasi ya wastani tu. Na kuna jambo jingine: unapaswa kwenda mbele ya mstari kukipanga, kwa hiyo wenzako wote wasimame kupiga. Kwenye kiwanja chenye watu 12, hilo linakula urafiki.

Za sumaku, na inayojulikana zaidi ni MagnetoSpeed, zinafungwa kwenye mtutu kwa mkanda kama singe. Kichwa cha risasi kinapita juu ya vihisi viwili, na mwanga wa jua hauna habari nao. Kwa kasi peke yake ni chombo cha kutegemewa, na kwa bei ya modeli ndogo sijui kingine cha kushindana nacho. Lakini umeutundikia mtutu uzito. Mtutu unatetemeka risasi inapopita ndani yake, na mtetemo huo ndio unaoamua risasi itoke ikielekea wapi. Ukiongeza uzito mdomoni, vikundi vinahama na mara nyingine vinabadilika ukubwa. Kwa hiyo unapiga milio 20 kwa ajili ya kasi, unafungua kifaa, halafu unapiga milio mingine 20 kwa ajili ya karatasi. Ukihesabu vichwa vya risasi, baruti na fataki (viwashio vidogo vya kwenye kitako cha ganda) za milio hiyo ya ziada, unafuu wa bei unaanza kuyeyuka.

Rada ndizo zilizobadilisha mchezo. LabRadar, boksi la rangi ya machungwa lililotengenezwa Quebec, ndilo lililowaonyesha walengaji wa kawaida kwamba mbinu ya Doppler, yaani kupima kasi kwa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye risasi, inaweza kukaa kwenye benchi. Ina sifa moja ninayoipenda mpaka leo: inaifuata risasi ikiwa njiani, hivyo inakuonyesha jinsi kasi inavyopungua kadiri risasi inavyokwenda. Taabu zake ni kuilenga ielekee shabaha sawasawa, betri zake, na kushtuliwa na bunduki ya jirani. Mwishoni mwa mwaka 2023 Garmin walileta Xero C1 Pro kwa dola 600 za Marekani. Inaenea kiganjani, unaiweka pembeni, unawasha, unapiga. Watengenezaji wanaitaja kuwa sahihi kwa asilimia 0.1. Haiifuati risasi njiani, inakupa kasi ya mdomoni tu. Kwa kazi ya kupima uthabiti, hiyo yatosha.

Hukumu yangu: kwa anayejaza risasi mwenyewe na kupiga mbali, rada. Sisemi hivyo kwa kupenda vitu vipya. Nasema kwa sababu inakuruhusu kupima kila mlio, hata wa mazoezi, bila kugusa bunduki wala kusimamisha kiwanja. Baada ya msimu mmoja unakuwa na milio 300 iliyoandikwa, na milio 300 inakwambia mambo ambayo hakuna jaribio la asubuhi moja linaloweza kukuambia. Kama dola 600 hazipo, chukua ya sumaku, au shirikianeni watu watatu kununua rada moja. Klabuni kwetu wapo waliofanya hivyo, na kifaa hakijakaa kabatini wiki nzima.

Milio mitano, kumi, au ishirini

Hapa ndipo penye uzito wote, na ningetamani mtu angenieleza mapema. Kifaa cha dola 600 na milio 5 kitakudanganya kama kifaa cha dola 100.

Mkengeuko sanifu ni namba inayosema, kwa kawaida, kila risasi iko mbali kiasi gani na wastani. Unapoupima kwa milio 5, ukapata 2 m/s, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 5.7, ukitaka uhakika wa asilimia 95. Soma tena namba hizo. 1.2 ni risasi ya kushindia, 5.7 ni risasi ya kurudisha dukani, na kipimo chako hakiwezi kuzitenganisha. Kwa milio 10, ukweli uko kati ya 1.4 na 3.7. Kwa milio 20, kati ya 1.5 na 2.9. Kwa 30, kati ya 1.6 na 2.7.

Ukitaka kulinganisha risasi mbili, A na B, uulize hivi: tofauti iwe kubwa kiasi gani ndipo niamini kwamba moja kweli ni bora? Ukipiga 5 kwa 5, mkengeuko wa moja lazima uzidi wa mwenzake mara 3. Ukipiga 10 kwa 10, mara 2. Ukipiga 20 kwa 20, mara 1.6. Chini ya hapo huna ushahidi, una bahati nasibu.

Na ukijaribu vipimo vingi kisha ukachagua kilicho bora, bahati inapata milango mingi ya kuingilia. Rudi kwenye hadithi yangu ya vipimo vinane. Hata kama vyote vinane vingekuwa sawa kabisa, kila kimoja kikiwa na mkengeuko wa kweli wa 3.6, nafasi ya angalau kimoja kujionyesha kwa 1.5 au chini yake katika milio 5 ni karibu moja kwa tatu. Nilichookota ni bahati ya asubuhi ile, nikaipa jina la risasi nzuri.

Hili ndilo linanifanya nisikubaliane na majaribio ya ngazi ya mlio mmoja kwa kila kipimo, kama lile la milio 10 linalohusishwa na mlengaji Scott Satterlee, ambapo unaongeza baruti kidogokidogo na kutafuta mahali kasi "inapotulia". Mlio mmoja hauna mkengeuko. Huwezi kujua kama kasi imetulia au imeangukia hapo. Rudia jaribio hilohilo kesho, na mara nyingi utulivu utakuwa umehamia kipimo kingine. Wahandisi wa Hornady, kampuni ya kutengeneza risasi, wamelieleza jambo hili hadharani kwa miaka michache sasa, na walengaji wengi wenye majina wamekasirika, lakini hesabu haijali hasira. Jaribio la OCW (kutafuta kipimo bora cha baruti) la Dan Newberry lina hoja nzuri zaidi, kwa sababu linaangalia mahali kikundi kinapokaa kwenye karatasi badala ya ukubwa wake tu. Hata hivyo, likifanywa kwa milio 3 kwa kila kipimo, ugonjwa ni uleule.

Najua jibu la wengi: milio 20 kwa kila kipimo inaua mtutu. Mtutu wa mashindano wa 6.5 Creedmoor unaishi milio 2,000 hadi 3,000, kwa hiyo jaribio la milio 20 linakula asilimia 1 au chini yake. Lakini ukijaribu vipimo vinane kwa milio mitano umekula 40, na hujui kitu. Ukijaribu viwili kwa milio 20 umekula hizohizo 40, na unajua jambo moja kwa uhakika. Mimi nachagua kujua jambo moja.

Pengo au mkengeuko

Kifaa chako kitakuonyesha namba mbili: mkengeuko sanifu, na pengo kati ya kasi kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kilingeni kwetu watu hupenda pengo kwa sababu linaeleweka mara moja. Shida yake ni kwamba linakua kadiri unavyopiga. Kwa milio 5, pengo la kawaida ni kama mara 2.3 ya mkengeuko. Kwa milio 10 ni mara 3.1, kwa 20 ni mara 3.7. Anayejisifu kwa pengo la 6 m/s katika milio 5 na anayelalamika kwa pengo la 9.5 katika milio 20 wana risasi ileile. Pengo lina kazi moja tu, kukuonyesha mlio uliopotea njia: fataki dhaifu, ganda lenye shingo iliyokaza, mzani uliohama. Kwa kulinganisha risasi, tumia mkengeuko, na andika idadi ya milio pembeni yake siku zote.

Kwenye karatasi ni vivyo hivyo. Ukubwa wa kikundi, tundu la mbali hadi tundu la mbali, unatumia matundu mawili na kuyatupa mengine yote. Ukichukua wastani wa umbali wa kila tundu kutoka katikati ya kikundi, kila mlio uliolipia unakupa habari. Zipo programu za simu zinazopiga picha karatasi na kukuhesabia.

Mita 100 au mita 900

Kuna wazee kiwanjani, nawaheshimu sana, wasemao kronografu ni ya wavivu: piga mbali, uangalie kimo cha matundu, yote yamo humo. Wana hoja ya kweli nyuma yao. Mtutu unaotetemeka unaweza kuzitoa risasi za polepole ukiwa umeelekea juu kidogo, na za haraka ukiwa umeelekea chini, hata zikakutana shabahani. Bunduki za Lee-Enfield, za zamani za jeshi la Uingereza, zilisifika kwa jambo hili kwenye masafa marefu huko Bisley, kiwanja cha kulenga shabaha cha Uingereza. Kronografu haiwezi kukuonyesha hilo hata kidogo. Karatasi ya mbali pekee ndiyo inaliona.

Lakini karatasi ya mbali inachanganya kila kitu: kasi, mtutu, upepo unaopanda kwenye tuta, pumzi yako, joto linalotetemesha picha ndani ya darubini. Ukiona mtawanyiko wa kimo, hujui umlaumu nani. Kwa hiyo sianzi huko. Nachagua kwa kasi na kwa kikundi cha mita 100, nathibitisha kwa mita 900. Na nikiwa mbali naangalia kimo tu, upana nauachia upepo. Mtawanyiko wa kimo ukikaribiana na ule niliotabiri kutokana na kasi na kikundi cha karibu, kazi imekwisha. Ukiwa mdogo kuliko utabiri, namshukuru Mungu na siigusi risasi hiyo.

Utabiri wenyewe si mgumu. Tuseme bunduki yako peke yake ina mtawanyiko wa kimo wa robo dakika ya pembe, sawa na sentimita 6.5 kwenye mita 900. Kasi yenye mkengeuko wa 3 m/s inaongeza 7. Kwa kanuni ya mraba, jumla ni karibu sentimita 9.5. Ukipunguza mkengeuko wa kasi hadi 1.5, jumla inashuka hadi 7.4. Hiyo ni faida unayoweza kuiona kwenye alama zako. Ukijitesa hadi ufike 1, jumla ni 6.9. Nusu sentimita. Hapo muda wako ungefaa zaidi kujifunza upepo.

Mzani wa bei kubwa?

Kifupi. Wengi hukimbilia mzani wa maabara kabla ya kitu kingine. Kwenye ganda la ukubwa wa Creedmoor, grain 0.1 ya baruti (grain moja ni kama gramu 0.065) huleta kama 1.5 hadi 2 m/s. Mzani wa kawaida unaopotea kwa hadi grain 0.1 kila upande unachangia mkengeuko wa kama 1 m/s. Kama jumla yako ni 3, ukiondoa mchango huo wote unabaki na 2.8. Mzani wa bei utakufaa ukishafika 1.5 na unataka kusogea mbele. Kabla ya hapo, pesa hizo ziende kwenye maganda ya loti moja (yaliyotengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja) na kuyapasha moto shingoni kwa usawa, na kwenye fataki za aina moja ulizozijaribu kwa milio 20.

Joto nalo lina neno. Nilipima Julai kwenye nyuzi 30, nikashindana Oktoba kwenye nyuzi 4, na kasi yote ilikuwa imeshuka, ingawa mkengeuko ulibaki vilevile. Baruti kama Varget na H4350, zinazotengenezwa Australia na kuuzwa na kampuni ya Hodgdon, zimeundwa kuvumilia mabadiliko ya joto, na kwa hali ya hewa ya Kanada ndizo ninazozichagua. Risasi usiziache juani wala ndani ya chumba cha mtutu uliochemka huku ukisubiri upepo. Mlio utakaofuata utakwenda juu nawe utailaumu baruti.

Na usikimbize mkengeuko mdogo kwa kuongeza baruti kupita vitabu vya watengenezaji. Shinikizo linapoonekana kwenye fataki na kwenye bolti, unashuka. Hakuna V iliyo sawa na jicho lako.

Anayetumia risasi za kiwandani

Nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, na mwenye leseni ya michezo hununua zilizojazwa kiwandani. Kipimo hiki kinamhusu vilevile, pengine zaidi, maana yeye hawezi kurekebisha, anaweza kuchagua tu. Tazama namba ya loti kwenye boksi. Nunua boksi moja moja la loti tatu tofauti za risasi ileile ya mashindano, piga 20 za kila loti kwenye rada, kisha chukua akiba kubwa ya loti iliyoshinda kabla haijaisha dukani. Loti mbili za jina moja zinaweza kuachana kwa kasi ya wastani kiasi cha kukulazimisha kurekebisha darubini upya, kwa hiyo usizichanganye siku ya mashindano hata kama maboksi yanafanana. Mtu wa risasi za kiwandani anayepiga mbali mara chache kwa mwaka hana haja ya kununua kifaa. Aazime.

Kwa mdogo wangu wa Bukavu

Risasi yake sikuiita mbaya. Milio mitano yenye pengo la 3 ni mwanzo wa kutia moyo, haijawa ushahidi. Nilimwazima rada yangu, nikamwambia ajaze 40: 20 za kipimo hicho, 20 za kipimo kingine kilicho grain 0.4 chini yake, azipige kwa zamu, moja ya huku na moja ya kule, ili joto la mtutu na uchovu wa bega lake viyaguse makundi yote mawili sawa. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu kutoka kiwanjani. Kipimo chake kilikuwa na mkengeuko wa 2.7, cha chini 2.4. Kwa milio 20 kwa 20 hizo mbili hazitofautiani, kwa hiyo alichukua cha chini, chenye shinikizo dogo na mtutu utakaoishi zaidi. Jumapili tutakuwa wote kwenye mita 900 kuangalia kimo.